Kilio cha Mama kwenye Mji wa Maji Moto

Nyumbani kwetu hatuchemshi mayai. Tunakaanga tu. Wiki iliyopita mpangaji wa chumba cha pili, dada mmoja Mrundi mwenye mimba, alichemsha yai mpaka likapasuka. Harufu ikapenya chini ya mlango, mama akaacha cherehani katikati ya mshono, akatoka akasimama uani na futi yake ya kupimia shingoni mpaka hewa ikasafika. Yule dada akaniuliza kwa huruma kama mama ana mzio wa mayai. Nikamwambia ndiyo, ana mzio. Ningemwambia nini? Kwamba yai la kuchemsha linanuka opera?

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukikaa hapa hapa Bertrams, Johannesburg, kwenye nyumba hii kubwa ya zamani iliyogawanywa kwa mbao na mapazia. Siku za mechi tunajua goli limefungwa kabla ya majirani wenye televisheni, maana uwanja uko karibu na kelele hazilipi kodi. Mama ni fundi wa nguo. Baba alikwenda Cape Town kutafuta kazi, akatafuta kwa bidii mpaka akapata mke. Na kulikuwa na kaka yangu Asukulu, ambaye hakuwepo.

Siku ile ya kukimbia vita Uvira, kwetu Kongo, mimi nilikuwa mgongoni mwa mama na yeye mkononi. Risasi zikalia, watu wakasukumana, mkono wa mama ukabaki mtupu. Mama hajawahi kunisimulia zaidi ya hayo, na nilipomdadisi aliniambia nikafue soksi.

Lakini usidhani Asukulu alikuwa mgeni nyumbani. Kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, mama alimshonea shati jeupe la shule, kubwa kidogo kuliko la mwaka uliotangulia. Alikisia mabega, akakisia mikono, akalipiga pasi na kulilaza sandukuni juu ya wenzake. Mimi nilivaa sketi ya mtumba iliyopunguzwa kiunoni. Nilimchukia Asukulu, nasema wazi. Kaka anayekupiga unaweza kumng'ata. Kaka asiyekuwepo havunji sahani, hafeli hesabu, hajibu wakubwa kwa Kiingereza. "Asukulu asingenijibu hivyo," mama aliniambia kila niliporopoka. Atajibuje na hayupo? Hilo nililisema moyoni tu, kwa sababu mkono wa mama ulikuwa mwepesi.

Watu walipomletea pole, aliwarudishia mlangoni. "Pole ya nini? Mwanangu yuko njiani." Kwetu, upande wa ziwa, mtu ambaye hujamzika wala hujaletewa habari na aliyeona kwa macho yake, humlilii. Ukimlilia umemfungia mlango, na popote alipo miguu yake inasahau njia ya kwenu. Kwa hiyo mama hakumlilia Asukulu hata chozi moja. Alimtunza hai kwa kunyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake yote.

Na ajabu ni kwamba, kwa kuwalilia wafu wa wengine, hapakuwa na mfano wake. Kulia kwetu si kutoa machozi tu. Unamwita marehemu kwa jina, unataja alivyokuwa, unamuuliza kakuachia nani. Mama akianza, hata wanaume waliokuja msibani kwa ajili ya chai walivua kofia. Walikuja kumchukua kutoka Yeoville, kutoka Randburg, popote Mkongo alipofia.

Mlinzi wa geti huko Observatory, mtu wa kwetu, alipofariki, mwajiri wake alikuja mazikoni. Alikuwa mama mmoja wa Kizungu mwenye miwani myeusi na skafu ndefu, tukamwita Madamu mpaka mwisho. Wengine walikuja kuzika, yeye akaokota msanii. Kumbe kazi yake ilikuwa kutayarisha opera, na kila kiangazi alikuwa na tamasha kwenye mji mmoja wa zamani wa maji moto, mwendo wa nusu siku kaskazini mwa Johannesburg. Mwaka ule alitaka kwaya nzima ya kanisa letu, ambamo mama aliimba, iwe wanakijiji ndani ya mchezo wake. Mwishoni binti mmoja anakufa kwa mapenzi, Madamu akaeleza, na hapo alitaka yule mama alie kama alivyomlilia mlinzi wake.

Mwalimu Fataki, aliyefundisha kwaya yetu, nusura aruke. Alikuwa mtu wa tai na marashi, mchana anatengeneza simu zilizovunjika vioo, Jumapili anatunyanyasa kwa do-re-mi. Alikuwa ameanza kujiita maestro, bingwa wa muziki, kabla mtu yeyote hajamwita hivyo. "Mama Asukulu," alimwambia mama, "Mungu amefungua mlango. Tukifanya vizuri hapa, tutaitwa mpaka Ulaya."

Mazoezi yalifanyika kwenye ukumbi huko Observatory, nami nikapelekwa kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia. Nilikaa kwenye kona na kitenge cha mama na ndala zake. Opera, kwa wale ambao Mungu amewaepusha nayo, ni mchezo ambao mtu hawezi kuomba hata maji bila kuimba. Aliyekufa kwa mapenzi alikuwa dada mmoja wa Soweto, mnene, mzuri, mcheshi sana. Alikufa vizuri, akalazwa kwenye jeneza, na mama akatakiwa kulia.

Mama akafungua mdomo, ikatoka sauti safi, tamu, isiyo na kitu ndani.

"Hapana, hapana," Madamu akasema, na Mwalimu Fataki akatafsiri kwa adabu nyingi kupita kiasi. "Anaimba. Sitaki aimbe. Nataka alie."

"Mwambie huyo dada yuko mzima," mama akajibu. "Sasa hivi amemaliza chipsi mbele yangu. Nimlilie mtu anayepumua? Huo ni uchuro. Akifa kweli nitakuja, hata bure."

Dada wa jenezani akauliza kwa Kizulu wanasema nini. Nikamtafsiria, akacheka mpaka jeneza likayumba. "Eish, mama! Sharp, sawa, usinililie, bado nina mkopo wa gari."

Wakajaribu wiki baada ya wiki. Madamu akawa anakuna shingo. Nilimsikia mara moja akimwambia Mwalimu Fataki mlangoni kwamba kama hapati kile kilio, basi kwaya haina haja ya kwenda, atachukua wanafunzi wa chuo. Mwalimu alitoka pale amekauka midomo. "Niachie mimi, Madamu," alisema. "Nitakupatia."

Basi tukapanda basi, Desemba, jua linachoma vioo. Mji wenyewe ulikuwa barabara mbili na mabafu ya mawe yenye nguzo, yaliyojengwa enzi za Makaburu. Bibi mmoja mfagiaji alituambia zamani mtu mweusi aliingia humo kufua mataulo tu. Maji yalitoka ardhini yakifuka, yenyewe, bila jiko, na kila kitu kilinuka mayai. Mchungaji wetu alikuwa ametufundisha jehanamu iko chini ya ardhi, kwa hiyo mimi sikuhitaji maelezo zaidi. Nilitembea kwa vidole pale, nisiwashtue walioko chini.

Jioni ya kwanza, jua likiwa bado juu ya mabati, Wazungu wakajaa na viti vyao vya kukunja, kofia pana, mvinyo kwenye ndoo za barafu. Wengine walikaa ukingoni mwa bwawa la zamani na miguu ndani ya maji ya moto, wakitazama. Wanakwaya wote walivikwa magauni meusi yaliyonuka stoo. Mimi nilisimama nyuma ya ukuta na ndala za mama mkononi, mahali wanawake walipopanga foleni kusubiri kuingia kwenye kifo cha binti.

Hapo ndipo Mwalimu Fataki alipokuja. Alikuwa ameshika simu sikioni, akaishusha taratibu, akavua miwani. Namwona mpaka leo anavyovua ile miwani. Alimvuta mama pembeni, karibu na mimi, hakunijali, mimi nilikuwa mtoto tu.

"Mama Asukulu, jikaze. Wamenipigia kutoka Uvira."

Mama akaikazia macho ile simu.

"Wamempata kijana. Hayuko tena, mama. Waliomzika wamesema wenyewe. Pole sana."

Muziki ukabadilika, foleni ikaanza kutembea, na Mwalimu akamsukuma mama kwa mkono laini mgongoni, naye mama akaenda na wenzake. Alitembea kama alivyofundishwa, hatua kwa hatua, mpaka mbele ya jeneza. Nikadhani hakusikia. Muziki ukanyamaza, maana hapo ndipo palipoachwa nafasi ya kilio.

"Asukulu wee!"

Ndege walitoka kwenye miti. Sisemi uongo.

"Asukulu wee, mwana wa mkono wangu wa kulia! Mwenye kovu la pasi begani, nilikuunguza mwenyewe ukanifuta machozi! Shati lako la mwaka huu nimeshalipiga pasi, nimvalishe nani? Nilikushika, mwanangu, Mungu ananiona nilikushika! Umeniachia nani, Asukulu? Umeniachia huyu wa mgongoni tu?"

Wanawake wa kwaya wakasahau opera. Waliposikia jina lile kutoka kinywa kile, walijua. Wakamkimbilia, mmoja akamfunga kiuno kwa mtandio, mwingine akamshika kichwa asijigonge, wakaangua wote kilio cha kwetu cha kweli, pale pale mbele ya violini. Dada wa Soweto akafungua jicho moja ndani ya jeneza, akaona, akalifunga haraka. Alikuwa wa kwanza kuogopa.

Wazungu wakasimama. Kwanza kimya, halafu makofi. Walipiga makofi mpaka waliokuwa na miguu majini wakatoka, wakasimama wamelowa, wakipiga. Bwana mmoja alilia wazi wazi, mkewe akampa kitambaa. Madamu alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, uso umejaa furaha.

Na mimi? Mimi nilisimama na zile ndala. Neno lililonichoma halikuwa kifo cha Asukulu. Lilikuwa "tu". Huyu wa mgongoni tu.

Halafu nikafikiri kama mtoto anavyofikiri. Kama Asukulu amekufa na watu wanamlilia mbele ya jeneza, basi Asukulu yumo jenezani. Nilikuwa sijawahi kumwona. Watu walipohamia nyuma na jukwaa likabaki tupu, nilipanda, nikafunua kifuniko. Ndani mlikuwa na nyaya za umeme, blanketi la kijivu, na chombo cha chakula cha yule dada, na mfupa wa kuku ndani yake. Kwa nje jeneza lilikuwa na nakshi. Kwa ndani ni mbao za masanduku ya matunda.

Nikaelewa kila kitu, au nilidhani hivyo. Asukulu alikuwa wa mchezo. Hakuwahi kuwepo. Mama alikuwa akiigiza miaka yote, na mashati ni mavazi ya kuigizia. Nilitaka kucheka. Niliamini hivyo kwa moyo wote, na nikiwa mkweli, ulikuwa mwaka wa kwanza niliolala vizuri.

Nyuma ya mabafu, mama alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, wanawake wamemzunguka na maji ya kunywa. Mwalimu Fataki akaja akipiga makofi, tai imepinda.

"Mama Asukulu, umewamaliza! Wanalia kule! Madamu anasema hajaona kitu kama hiki!"

"Amezikwa wapi?" mama akauliza. Sauti ilikuwa imekwisha, ilibaki pumzi tu.

"Nani?"

"Mwanangu. Waliokupigia simu, Mwalimu, walisema wamemzika wapi?"

Mwalimu akacheka, halafu akaona uso wake, akaacha. "Ah, mama. Hakuna aliyepiga. Nilikuwa natafuta sauti. Ungetoaje sauti ile bila kusaidiwa? Usikasirike, ni kazi ya Mungu."

Mama mmoja wa sauti ya pili akasema, "Ee Yesu."

"Kwa hiyo hajafa," mama akasema.

"Sijui, mama. Mimi nitajuaje?"

Nilitegemea ampige. Mkono wake niliujua. Lakini mama aliinamisha kichwa akatazama viganja vyake, akatazama sana kile cha kulia, kisha akaniambia nimletee ndala.

Kesho yake kulikuwa na onyesho tena. Wanawake walimwambia asiende, na kwamba wote watagoma. Mama akavaa gauni jeusi. "Nimeshamwaga," alisema. "Maji yaliyomwagika yana kazi gani tena?" Akaenda akalia. Alitaja kovu, alitaja shati, alitaja na mimi wa mgongoni, kila kitu mahali pake. Safari hii hakudanganywa na mtu. Wazungu wengine wakapiga makofi zaidi kuliko wa jana, na mmoja alikuwa anachukua video akiwa amesimama juu ya kiti.

Mwalimu Fataki, mkitaka kujua, hakupata adhabu yoyote. Alipata suti. Tuliporudi Bertrams, watu walikuja na sukari na majani ya chai bila kuitwa, kwa sababu mtu ameliliwa, matanga lazima yakae. Yeye ndiye aliyeongoza sala. Mama alimpa kiti.

Januari ile hakukuwa na shati jipya. Yale ya sandukuni mama aliyagawa kwa watoto wa jirani kulingana na ukubwa. Lile dogo kabisa akalikata vitambaa vya kufutia mafuta ya cherehani. Mimi nikashonewa sketi mpya. Nilifurahi nayo, nikazunguka mbele ya kioo, na mama akiniweka pini kwenye pindo hakunitazama usoni.

Miaka miwili ikapita hivi, au zaidi kidogo. Siku moja simu ya mama ikaita, namba ya nje, nami nikapokea kwa kuwa yeye alikuwa anapima mteja. Sauti ya mwanaume mzima, Kiswahili cha makambi ya wakimbizi, chenye Tanzania ndani yake.

"Naomba kuongea na Mama Asukulu."

"Wewe nani?"

"Ni Asukulu."

Nikacheka. Nikamwambia Asukulu si mtu, ni wa opera, aache utapeli, nikakata. Akapiga tena. Kabla sijamtukana akauliza polepole, "Wewe ndiye yule wa mgongoni?"

Nilikaa chini pale pale sakafuni, kati ya vipande vya nguo.

Alinieleza. Kambini kulikuwa na kijana mwenye simu nzuri, na watu walikuwa wakirushiana video ya mama wa Kikongo anayelia mbele ya Wazungu. Wengine walicheka. Yeye alipita tu, anakwenda kuteka maji, akasikia jina lake. Akarudi. Akasikia kovu, pasi, mkono wa kulia. "Nilivua shati pale pale wakaliona kovu," alisema. "Mama aliniita, dada. Nimeitika." Ilimchukua muda mrefu, kutoka mtu hadi mtu, kanisa hadi kanisa, mpaka akapata namba.

Nilimpa mama simu. Alisikiliza. Nilimwona anavyosikiliza, midomo ilifunguka, mkono wa kulia ukajikunja peke yake, ukashika hewa. Alimjua. Usije ukadhani hakumjua, au hakuamini. Angekuwa hajaamini, ningelala usingizi. Akanirudishia simu bila kusema neno, akamwambia mteja ageuke apimwe mgongo.

Nilimlilia mama siku ile mpaka nikatapika. Mama, ni mwanao! Mama, yuko hai!

"Nilimlilia," akasema. "Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na siku ya pili nikarudia kwa hiari. Kwetu aliyekwisha kuliliwa, ukimpokea, kifo kinamfuata nyuma. Nikimpokea sasa nitamzika kweli. Kumzika mara moja kunatosha."

"Basi sema jina lake tu. Hilo tu anataka. Akusikie ukimwita."

Mama alivunja uzi kwa meno. "Jina lake niliwaachia waliopiga makofi. Akawaombe wao."

Asukulu bado anapiga, kila Jumapili baada ya ibada. Ana mke sasa, na mtoto wa kike aliyemwita jina la mama. Jumapili iliyopita aliniuliza kama kawaida, "Mama yupo?" Nikamtazama mama. Alikuwa mbele yangu, kichwa ameinamisha, anashona kwa kasi kama mtu anayefukuzwa.

"Amelala, yaya," nikamwambia, kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa.

Nikamsikia kule kambini akiwanyamazisha watu waliokuwa karibu naye.

"Amelala," akasema, "mbona nasikia cherehani?"